Je, Yafaa Amani Ilipiwe kwa Mtoto?

Katika hadithi wanazozipenda vijana wa siku hizi liko fungu moja ambalo huanza pale zinapokoma hadithi nyingine. Vita vimekwisha piganwa, au nchi imekwisha haribika, na wale waliosalia wamejifanyia mji mpya wenye sheria kali. Shujaa wa hadithi hizo karibu siku zote ni kijana. Wako wadhanio kwamba ni hivyo kwa kuwa wasomaji ndio vijana. Sisi twaona iko sababu iliyo kubwa zaidi: katika nchi hizo za kubuniwa, deni la amani wamelikopa wazee, lakini anayedaiwa ni mtoto. Basi na tuulize, je, yafaa?

Kitabu cha kwanza tutakachokitaja ni The Hunger Games, alichokitoa Suzanne Collins wa Marekani mwaka 2008. Nchi yake yaitwa Panem, nayo ina wilaya 12 zilizo chini ya mji mkuu mmoja. Zamani wilaya ziliasi, zikashindwa. Tangu hapo, kila mwaka kila wilaya hutoa mvulana mmoja na msichana mmoja, wenye umri wa miaka 12 hata 18, na watoto hao 24 hutiwa uwanjani wauane hata asalie mmoja. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Na hapa fahali walipigana kabla nyasi hazijaota.

Lakini lililotushika sisi si mauaji, bali ni kura. Maana watoto wale huchaguliwa kwa kura, na kura, kwa desturi ya watu wengi, ni jambo la haki, haimjui tajiri wala maskini. Sheria yasema jina la mtoto liingizwe mara moja afikapo miaka 12, na kila mwaka liongezwe mara moja. Basi mtoto wa miaka 16 angekuwa na karata 5. Ila sheria hiyo hiyo yamruhusu mtoto mwenye njaa kuliongeza jina lake, apewe nafaka na mafuta, posho haba ya mtu mmoja kwa mwaka mmoja. Katniss, msichana wa hadithi hii, baba yake alikufa katika mgodi wa makaa ya mawe; naye tangu miaka 12 huchukua posho tatu kila mwaka, yake, ya mama na ya mdogo wake. Mwalimu yeyote aweza kufanya hesabu hiyo ubaoni: nne kwa mwaka, kwa miaka mitano, ni 20. Rafiki yake Gale, mwenye miaka 18 na jamaa wengi, ana 42. Hakuna aliyewalazimisha kwa fimbo. Njaa iliwaita, nao wakaenda kwa miguu yao. Twadhani hakuna dhuluma iliyo ngumu kushtakiwa kama hiyo, kwa sababu kila karani ndani yake aweza kuonyesha kwamba daftari lake ni safi.

Kitabu cha pili ni kipole zaidi, na kwetu sisi ndicho kinachotisha zaidi. Ni The Giver, cha Lois Lowry, wa Marekani pia, kilichotoka mwaka 1993. Katika mji huo hakuna vita, hakuna njaa, hakuna mtu asemaye kwa ukali. Wazee humchagulia kila mtoto kazi yake afikapo miaka 12. Ili watu wasiumie, wameondolewa hata kumbukumbu za zamani. Maumivu yote ya kale huchukuliwa na mtu mmoja tu kwa niaba ya wote. Kijana Jonas achaguliwa kuirithi kazi hiyo.

Baba yake Jonas ni mlezi wa watoto wachanga. Ni mtu mwema, wala hatusemi hivi kwa dhihaka. Mtoto mmoja, Gabriel, asipokua vizuri wala kulala usiku, yeye huomba ruhusa amlete nyumbani amtunze. Lakini mjini humo mapacha wanaofanana hawakubaliwi wote wawili. Wakizaliwa, baba huyu huwapima uzito. Aliye mwepesi humchoma sindano, humtia katika sanduku, na kumtupa, huku akimuaga kwa sauti ya upole. Neno lao kwa kitendo hicho lamaanisha kuachiliwa tu. Jonas ayaona hayo kwa macho yake, na tangu saa ile hana tena nyumba.

Je, baba yule ana hatia? Wengine watasema hana, maana mji ulimnyima neno la kifo na kumbukumbu ya msiba. Sisi hatuwezi kukubali upesi hivyo. Alikuwa na mikono, na mtoto alikuwa mikononi mwake akijinyosha. Walakini hatuwezi pia kumweka pamoja na mwuaji ajuaye. Labda yatupasa kuwauliza kwanza wale waliolichagua lile neno laini.

Tumesikia wazazi wakinung'unika kwamba vitabu vya namna hii huwafundisha vijana kuasi. Kwa vingine, pengine ni kweli. Viko vingi vilivyoandikwa kwa haraka, ambamo kila mzee ni mjinga. Lakini tazameni kilichomtoa Jonas mjini. Ilikuwa imekwisha pangwa safari ya baadaye, yenye maandalio. Ila jioni moja akapata habari kwamba kesho asubuhi Gabriel ataachiliwa. Usiku ule ule akampakia katika baiskeli ya baba yake, akaenda.

Ilikuwa imejulikana tangu mbele kwamba akitoka, kumbukumbu alizozibeba zitawarudia watu wote wa mji. Kitabu hicho hakituonyeshi zilivyorudi. Chatuacha na Jonas na mtoto katika theluji, wakiishukia nyumba zenye taa. Nasi mara nyingi humfikiri baba, aliyeamka asubuhi ile akakuta baiskeli haipo, na kitanda cha mtoto kitupu, na mikono yake imeanza kukumbuka uzito wa wale wepesi.