Je, ni Halali Kuifurahia Hofu?

Liko swali ambalo sisi walimu wa lugha huliepuka, pengine kwa kudhani kwamba ni dogo mno, halistahili kalamu. Je, mtu mzima mwenye akili zake, tena mlezi wa watoto wa watu, ana haki ya kufurahia hadithi za kutisha? Na akishazifurahia, ana haki ya kutumia saa nzima nyingine kuwasikiliza watu wakizizungumza? Swali hili lanihusu, kwa kuwa mimi ni mmoja wa watu hao. Jioni, madaftari ya wanafunzi yakiisha kusahihishwa, hupenda kusikiliza katika simu mazungumzo ya Waingereza na Wamarekani juu ya riwaya pendwa, sinema za kale za kutisha, na michezo ya mezani ambayo wachezaji wake huvaa nafsi za wahusika. Wenzangu kadhaa wamepata kuniuliza mambo hayo yananifaa nini. Makala haya ni jaribio la kuwajibu kwa hoja.

Kwanza tuyaeleze mambo yenyewe. Mazungumzo hayo huitwa podikasti, jina lililoanza kutumika mwaka 2004. Ni kipindi mfano wa kile cha redio, ila hakina saa maalumu: msikilizaji hukichukua katika intaneti akakisikiliza atakapo. Mfano mmoja ni kile walichokianzisha Chad Fifer na Chris Lackey mwaka 2009, wakazipitia hadithi za H. P. Lovecraft, mwandishi wa Kimarekani aliyefariki mwaka 1937, moja baada ya moja. Ama michezo niliyoitaja, uliotangulia kupata sifa ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974; na unaozungumzwa sana na wapenzi wa hadithi za kutisha ni Call of Cthulhu, uliotolewa mwaka 1981 na kujengwa juu ya hadithi za Lovecraft huyo huyo. Watu wachache huketi mezani. Mmoja ni msimulizi. Kila mmoja wa wengine humsemea mhusika wake, labda mwalimu, labda mwandishi wa gazeti. Na jambo likiwa na shaka, hurushwa dadu ili ijulikane kama limefaulu. Katika mchezo huu wa pili kila mhusika ana hesabu ya utimamu wa akili yake, na hesabu hiyo hupungua kila aonapo jambo la kutisha kupita kiasi. Mhusika aweza kuishia wazimu. Mchezaji hukunja karatasi yake akaenda kulala.

Lawama dhidi ya starehe za namna hii ni za kale. Plato, katika kitabu chake kiitwacho Jamhuri, aliona kwamba ushairi huzinywesha maji hisia ambazo zingepaswa kukaushwa, na kwamba mtu aliyezoea kuzilisha hisia hizo penye maigizo zitamtawala nyumbani kwake. Katika miaka ya 1980 lawama hiyo ilirudi Marekani ikiwa imevaa nguo nyingine. Kijana mmoja alijiua mwaka 1982, na mama yake, katika majonzi yake, akaamini kwamba chanzo cha msiba ni mchezo wa Dungeons & Dragons; mwaka 1983 akaunda chama cha kuupinga. Wahubiri na baadhi ya magazeti wakasema kwamba mchezo huo huwafundisha vijana uchawi na ibada ya shetani. Uchunguzi uliofuata haukuthibitisha kwamba mchezo ulikuwa ukiwaangamiza vijana. Hata hivyo tusimcheke mama yule. Alikuwa na uchungu wa kweli wa mzazi, na uchungu ule uliokosa jina aliupa jina la kitu kilichokuwa karibu. Jambo hilo tuliweke akilini, maana tutalirudia.

Sasa tujiulize: anayefurahia hadithi ya kutisha hufurahia nini hasa? Hofu kwa asili yake ni chungu, na hakuna afurahiye kumkuta chui njiani. Aristotle alifundisha kwamba tanzia huamsha huruma na hofu, na kwa njia hiyo huzitakasa. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, katika insha ya mwaka 1757, alistaajabu kuona watazamaji wakipendezwa kwa kadiri ile ile wanavyohuzunishwa, akaona kwamba ufasaha wa usemi ndio unaoigeuza huzuni kuwa furaha. Majibu haya mawili yana uzito wake. Lakini nadhani bibi zetu walikuwa na jibu la tatu, ingawa hawakuliandika.

Msimulizi wa pwani, kabla ya kumtoa zimwi wake, huita "Paukwa!" na watoto hujibu "Pakawa!" Huku kwetu bara kila lugha ina mwanzo wake wa aina hiyo, na ina maneno yake ya kuifunga hadithi. Watu wengi hudhani kwamba maneno hayo ni pambo tu. Mimi nayaona kuwa ni mlango. Ndani ya mlango zimwi hula watu na kutafuna mifupa. Nje ya mlango uko moto jikoni, uko uji chunguni, na ndugu wamebanana mkekani. Msimulizi ameufungua mlango mbele ya wote, na wote wameitikia. Mtoto huingia akijua kwamba ameingia, hutetemeka, kisha hutoka akijua kwamba ametoka. Furaha yake hutoka papo hapo: ameitazama hofu kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake, na mkono wa nduguye ulikuwa mkononi mwake. Wahenga walisema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nami nathubutu kuongeza kwamba zimwi ulijualo, ukajua limeanzia wapi na litaishia wapi, halikuli kabisa.

Ukiwatazama vizuri wachezaji wa mezani niliowaeleza, utaona kwamba wamekirudia kitu hicho hicho kwa njia nyingine. Dadu na karatasi zao ndizo "Paukwa" yao. Na podikasti, kwa maoni yangu, ni yale mazungumzo yanayofuata baada ya hadithi, moto unapokaribia kuzimika, mmoja anapouliza kwa nini yule msichana alimfungulia zimwi mlango, na mwingine akamjibu. Mtu aliye mbali na wapenzi wenzake hupata hapo watu wa kuketi nao.

Mpinzani mwerevu atasema kwamba hapo sijaigusa lawama iliyo nzito. Atasema: haidhuru kwamba hofu ina mlango, uniambie ni nani amewekwa ndani yake awe zimwi. Hili ndilo swali lenyewe, na nitalijibu kwa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni filamu ya Frankenstein iliyotolewa mwaka 1931, ambayo Boris Karloff aliigiza ndani yake lile jitu lililoundwa kwa viungo vya maiti. Jitu linamkuta mtoto wa kike kando ya ziwa. Mtoto haliogopi, anaketi nalo, wanatupa maua majini na kuyatazama yakielea. Maua yanapokwisha, jitu linamtupa mtoto, kwa kudhani kwamba naye ataelea. Mtoto anazama. Jitu linapapatika kwa fadhaa na kukimbia. Wakaguzi wa filamu wa majimbo kadhaa ya Marekani waliona kwamba kipande hicho kinatisha mno, wakaamuru kikatwe. Kilipokatwa, mtazamaji alibaki na mkono wa jitu ukimwelekea mtoto, kisha akamwona baba akiibeba maiti mjini. Basi akawaza ubaya mkubwa kuliko ule uliokuwamo. Wakaguzi walikusudia kulinda maadili, lakini walichokiondoa ndicho kilichokuwa na maadili: kwamba jitu halikuwa na nia mbaya, kwamba kiumbe asiyefundishwa aweza kuua kwa upendo wake, na kwamba aliyemwumba akamtelekeza ana sehemu yake ya hatia. Kipande hicho kilirejeshwa katika miaka ya 1980. Hofu yenye huruma ndani yake ilikuwa imefanywa kuwa hofu tupu, na hofu tupu ndiyo iliyo hatari.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, nao ni Lovecraft mwenyewe. Mtu huyu alikuwa na uwezo wa ajabu wa kumfanya msomaji ahisi udogo wa binadamu mbele ya ulimwengu usiomjali. Alikuwa pia mbaguzi wa rangi, na ubaguzi wake haukubaki katika barua zake tu. Katika hadithi yake "The Horror at Red Hook", iliyochapishwa mwaka 1927, wahamiaji wa Brooklyn wanaelezwa kama uchafu unaozaa uovu. Msomaji Mwafrika afikapo hapo hushtuka, kwa kuwa amealikwa kwenye hadithi, akaketi, akaitikia, kisha akatazama zimwi linalotolewa akaiona sura ya watu kama yeye. Je, aendelee kufurahia?

Sisi wa nchi za maziwa makuu hatuwezi kulichukua swali hili kama mchezo wa wasomi. Mwezi Julai mwaka 1993 kituo cha redio cha RTLM kilianza kutangaza nchini Rwanda. Kilipendwa kwa muziki wake, kwa mizaha yake, na kwa watangazaji waliozungumza kama vijana walioketi pamoja wakinywa. Kwa sauti hizo za kirafiki kiliwafanya majirani kuwa wadudu, na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, kilichochea watu kuwaua. Waanzilishi wake wawili walitiwa hatiani mwaka 2003 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokaa Arusha. Basi asitokee mtu wa kutuambia kwamba mazungumzo na kicheko, peke yake, ni dawa ya hofu. Hapa kwetu mazungumzo na kicheko vilikuwa chombo cha kuipikia.

Tofauti iko wapi? Naiona katika mlango ule ule. Hadithi ya zimwi hutangaza kwamba ni hadithi. Redio ile ilikuwa ikisimulia hadithi ya zimwi bila kusema "Paukwa". Iliyaita masimulizi yake habari, na haikuwaachia wasikilizaji mahali pa kutokea. Tena walioitwa wadudu hawakupewa nafasi ya kujibu. Na hapa ndipo ninapolirudia lile la mama wa Marekani, ambaye uchungu wake na unyama wa redio ile hauwezi kuwekwa katika mizani moja. Uchungu usio na jina hutafuta jina, na watu wenye nia mbaya huwa tayari daima kuupatia jina la jirani. Aliyezoea kuitazama hofu ndani ya mlango wake, na kuuliza imeundwaje, ana nafasi bora ya kumtambua anayemletea hofu isiyo na mlango.

Kwa hiyo jibu langu juu ya Lovecraft ni hili. Kumtupa kabisa ni njia mojawapo, na simlaumu anayeichagua. Kummeza kimya kimya, kwa kisingizio kwamba alikuwa mtu wa zama zake, ni njia mbaya, kwa maana kimya hicho huufunga mlango. Njia ya tatu ni kumsoma na kumjibu. Mwaka 2011 Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alishinda Tuzo ya World Fantasy kwa riwaya yake Who Fears Death. Tuzo yenyewe ilikuwa sanamu ya kichwa cha Lovecraft. Okorafor aliandika waziwazi juu ya uzito wa kuiweka sanamu ya mtu wa namna hiyo nyumbani mwake. Mjadala uliendelea, na mwaka 2015 ikatangazwa kwamba sanamu hiyo haitatumika tena. Mwaka 2016 Victor LaValle, Mmarekani mweusi, aliichukua ile hadithi ya Red Hook akaisimulia upya kwa macho ya kijana mweusi wa Harlem, katika kitabu kiitwacho The Ballad of Black Tom. Aliyekuwa amefanywa zimwi sasa ameshika nafasi ya msimulizi. Na podikasti zilizo bora ndizo zile ambazo wenyeji wake, baada ya kusifu ufundi wa hadithi, hawaoni haya kusema: hapa mwandishi ametudanganya, na aliyedanganywa juu yake ni mtu fulani.

Basi kufurahia si kukubali. Lakini anayefurahia ana deni: hana budi kueleza amefurahia nini, na kumsikiliza yule aliyeumizwa na furaha hiyo. Asiyeweza kulilipa deni hilo afadhali aache.

Haya yana faida gani darasani? Wengi wetu tulifundishwa kuzidharau riwaya pendwa, na tumewarithisha wanafunzi dharau hiyo. Ilhali Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960, alichukua mahali panapoogopwa na watu, akaweka hapo mauaji, kisha akamwingiza Bwana Msa na kiko chake ayachunguze kwa akili. Hilo ni somo zima la namna ya kuitazama hofu, tena kwa Kiswahili kitamu. Sisemi kila hadithi yamfaa kila mtoto; mwalimu ajue umri wa wanafunzi wake na majeraha ya nyumba walizotoka, hasa katika nchi zetu hizi. Nasema kwamba mwanafunzi akikutwa na kitabu cha kutisha chini ya dawati, kabla hakijachukuliwa aulizwe maswali matatu: Umeogopa nini? Nani amefanywa zimwi? Na zimwi huyo, angepewa nafasi ya kusimulia, angesemaje? Mwanafunzi awezaye kuyajibu maswali hayo kwa Kiswahili sanifu amejifunza insha, amejifunza uhakiki, na amejifunza namna ya kuisikiliza redio.

Naliacha jambo hili mbele ya walimu wenzangu, na ningependa kuyasoma katika kurasa hizi maoni ya wale wasiokubaliana nami.