Msichana mkali na jirani zake

Swali lenyewe ni hili: je, ni lazima msichana awe mkali ndipo haki yake ipatikane? Na akishakuwa mkali, sisi tunaokaa karibu naye tunamwachia peke yake gharama ya huo ukali? Nimelibeba swali hili tangu mwaka jana, na aliyenitwika si mhubiri wala mtu wa semina. Ni riwaya za upelelezi.

Wengi wenu mnajua kwamba kazi yangu hapa Nakivale ni vijana. Jumamosi ninakaa na wasichana kumi na wanne hivi, wengi wa New Congo, wengine wanatoka Kashojwa kwa miguu, na tunasoma. Maktaba hatuna, tuna sanduku la bati. Vitabu tunavitoa Mbarara, kwa wale jamaa wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya barabara, katikati ya viatu na chaja za simu. Huko ndiko nilikookota kitabu cha Mmarekani mmoja, Sara Paretsky, jalada limekatika, shilingi elfu tano. Kiko kwa Kiingereza, basi mimi nasoma ukurasa, nawaeleza kwa Kiswahili, halafu tunabishana. Ukurasa mmoja unaweza kula saa nzima.

Mpelelezi wa Paretsky ni mwanamke, anaitwa V. I. Warshawski. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1982 katika Indemnity Only, na toka hapo vitabu vyake vimepita ishirini. Mji ni Chicago. Kesi inaanza ndogo, msichana fulani hajulikani aliko, na ukifuata uzi unafika kwenye kampuni ya bima na chama cha wafanyakazi, wakubwa wanakula pesa pamoja. Baba yake Warshawski alikuwa polisi, Mmarekani mwenye asili ya Poland. Mama yake, Gabriella, alikuwa mkimbizi, alitoroka Italia ya Mussolini. Nilipofika hapo wasichana walinisimamisha. Mkimbizi? Mkimbizi wa kweli, wa kukimbia? Ikabidi nieleze Mussolini ni nani, na siku ile hatukusoma tena.

Ili uone kwa nini huyu mama wa Chicago alikuwa kitu kipya, ni lazima uwajue waliomtangulia. Wapelelezi wa Marekani wa enzi za Philip Marlowe, yule wa Raymond Chandler aliyeanza 1939, walikuwa wanaume wakavu. Ofisi yenye vumbi, chupa kwenye droo, mji umeoza, polisi wamenunuliwa, na yeye hamwamini mtu. Mwanamke akiingia mlangoni mwake, mara nyingi ni wa kumlaghai au wa kukutwa amekufa. Paretsky alichoka na hayo. Akachukua ofisi ileile, mji uleule uliooza, akamweka mwanamke kwenye kiti. Anapigwa na anarudisha. Anafungua milango isiyo yake. Anadanganya kwa walinzi. Akiambiwa aache kesi, hapo ndipo anakaza. Mwaka 1986 Paretsky akasaidia kuanzisha chama cha waandishi wanawake wa riwaya za uhalifu, Sisters in Crime, kwa sababu vitabu vyao vilikuwa vinarukwa.

Sisi wenye Kiswahili hatujakosa wapelelezi. Tunaye Bwana Msa na kiko chake, wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, toka Mzimu wa Watu wa Kale wa 1960. Tunaye Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeingia na Kufa na Kupona mwaka 1974. Na tunaye Joram Kiango wa Ben Mtobwa, mtoto wa Kigoma, ng'ambo tu ya ziwa kwa sisi tuliotoka Uvira na Fizi. Vya Mtobwa ndivyo vilivyochakaa zaidi kwenye sanduku letu. Humo yumo Nuru, anayekwenda na Joram: mzuri, ana akili, haogopi, anaingia hatarini bega kwa bega naye. Msichana mmoja wa miaka kumi na tano aliuliza: sasa kama Nuru anafanya yote hayo, kwa nini mpelelezi ni Joram? Sikuwa na jibu la kumpa, na nadhani Mtobwa naye, aliyefariki 2008, angekuna kichwa.

Basi Warshawski akapendwa sana. Wakaanza kuitana kwa jina lake, wakalifupisha likawa Washa. "Usinichezee, mimi ni Washa." Na hapo ndipo nilipoanza kuwaza vibaya.

Sikiliza. Katika hizi riwaya mpelelezi hawi mkali kwa sababu alizaliwa hivyo. Ni mkali kwa sababu kila mtu aliyelipwa kuitafuta haki ameacha kuitafuta. Kama polisi wa mji wangefanya kazi, Marlowe angekuwa fundi viatu. Kwa hiyo ukali wake ni kama alama ya kidonda: ukiiona unajua kuna mahali mtu aliumizwa. Lakini sisi wasomaji tunausifu kama pambo. Na hata nje ya vitabu tunafanya hivyo. Msichana wa hapa aliyepita njia ndefu kutoka Kongo na wadogo zake watatu tunamwita ngangari, tunampigia makofi kwenye sherehe ya tarehe 20 Juni, na makofi yakiisha hakuna aliyeuliza kwa nini mtoto wa miaka kumi na sita alilazimika kuwa ngangari. Sifa inakuwa njia ya bei rahisi ya kumaliza mazungumzo.

Sasa nije kwenye jambo la kweli. Nimebadilisha vitu viwili vitatu ili mtu asitambulike.

Kuna binti katika kikundi chetu, mama yake hajui kusoma. Pesa ya mgao iliingia kwenye simu ya mama, na kabla mama hajaitoa, ikatolewa. Shilingi 84,000. Alikwenda kulalamika kwenye ofisi moja, akaambiwa arudi wiki ijayo, akarudi, akaambiwa tena wiki ijayo. Binti akachukua simu ya mama, akasoma ule ujumbe: siku, saa, namba ya wakala. Akaandika kwenye kaye yake ya hesabu. Halafu akaanza kuzunguka vibanda vya kutolea pesa, kimoja baada ya kingine, hadi akapata chenye namba ile. Mawakala wanakuwa na daftari, anayetoa pesa anaandika jina na kusaini. Akaomba kuliona, akakataliwa. Akasema ametumwa na mwenyekiti wa kijiji. Hakutumwa na mtu. Daftari likafunguliwa, na saini ilikuwa ya mtoto wa mjomba wake, kijana wa miaka kumi na tisa, ambaye ndiye mama alikuwa akimpa simu amsaidie na namba ya siri.

Kuhusu ule uongo tulibishana Jumamosi mbili. Mzee mmoja wa kanisani alisikia, akasema ukweli uliopatikana kwa uongo ni sawa na mbuzi wa wizi, hata akichinjwa kwa sala. Mimi namheshimu mzee, ila sikubali yote. Kuna tofauti kati ya kumdanganya mtu ili umchukulie kilicho chake na kumdanganya aliyekalia karatasi inayokuhusu wewe. Warshawski anadanganya mlangoni kila siku, na sitaki wasichana wajifunze kwamba uongo ni ufunguo wa kila mlango. Lakini huyu binti alikuwa ameshagonga mlango wa kweli mara mbili. Ninachokiogopa zaidi ni kitu kingine: alivyoona uongo umefanya kazi kwa dakika moja, wakati ukweli ulikuwa umesimama kwenye foleni wiki tatu. Somo hilo hakulipata kwenye kitabu.

Aliisema habari mbele ya kikao cha kijiji, kaye mkononi, tarehe na saa. Kijana akakiri. Pesa ikarudi kwa mafungu mawili. Hapa ndipo riwaya ingemalizika. Mpelelezi angewasha gari, mvua inanyesha, angeondoka zake peke yake, na sisi tungefunga kitabu na kusema, huyo ndiye mwanamke.

Nakivale haina ukurasa wa mwisho wa namna hiyo. Haya makazi yalianza mwaka 1958 kwa Wanyarwanda, na hadi leo kuna wazee waliozeekea hapa wakingojea kwenda mahali. Huondoki baada ya kesi. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi unabeba jerikani, unakwenda bombani, na kwenye foleni yuko mke wa mjomba. Yuko dada wa kijana. Wako wale wa kwaya waliosema binti anapeleka mambo ya ukoo hadharani. Walianza kumwita Inspekta, na si kwa kumsifu. Jerikani yake ilisukumwa nje ya foleni mara tatu wiki ile. Kibandani nako wanafunika daftari akipita. Siku moja aliniambia: "Dada, Washa akimaliza kesi anapanda gari anaondoka. Mimi naondoka naenda wapi?"

Nimewasikia watu wazima wakitoa jibu hapa: basi angenyamaza, shilingi 84,000 ni kitu gani mbele ya ukoo. Mimi naona hilo jibu ni baya, na si kwa sababu ya pesa tu, ingawa pesa ile ni chakula cha nyumba. Ukoo ambao amani yake inalipwa na mama mmoja asiyejua kusoma hauna amani, una mtu mmoja aliyefundishwa kunyamaza. Lakini pia siwezi kumwambia binti awe mkali zaidi. Awe mkali hadi wapi? Hadi achote maji usiku?

Nilirudi kwenye kitabu, na nikaona kitu nilichokuwa nimekipita mbio. Warshawski hayuko peke yake kama Marlowe. Katika nyumba anayoishi, ghorofa ya chini, kuna mzee anaitwa Contreras, fundi wa mashine aliyestaafu, na mbwa. Ni mzee wa kuchosha kweli. Anachungulia kila anayepanda ngazi, anauliza maswali yasiyomhusu, anampikia, anamgombeza. Warshawski analalamika naye kila sura. Na kuna rafiki yake, Lotty Herschel, daktari, mkimbizi mwingine, Myahudi aliyetolewa Vienna akiwa mtoto akapelekwa Uingereza. Huyo ndiye anayemshona akipigwa. Nilipoanza kusoma niliwaona kama watu wa pembeni, wa kujaza kurasa. Sasa naona ukiwatoa hao wawili, Warshawski hafiki mbali.

Ndivyo ilivyo pia kwa Amantle Bokaa, msichana wa riwaya ya Unity Dow ya 2002, The Screaming of the Innocent. Dow alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Botswana, anajua faili linavyopotea. Amantle ni wa miaka ishirini na kitu, amepelekwa kliniki ya kijijini kwa utumishi wa vijana, anafungua boksi stoo na kukuta nguo za mtoto aliyepotea miaka mitano nyuma. Kitu cha kwanza anachofanya si kurusha ngumi. Anatafuta rafiki zake.

Niliwaeleza wasichana haya, nikidhani nimepata jibu zuri. Mmoja, mwenye ulimi, akanikatalia. Alisema: "Dada, tuachie ngumi zake. Kila siku tunaambiwa tuwe na subira. Kitabu ndicho mahali pekee ambapo msichana anampiga mtu na mtu anaanguka." Wakacheka wote, lakini hakuwa anatania. Nimemwachia. Sitamnyang'anya mtu ngumi za kwenye karatasi wakati sina askari wa kumpa.

Ila tulipanga jambo moja dogo. Wasichana wawili wanapita kwao asubuhi, wanakwenda naye bombani. Hawasemi kitu. Wanasimama tu, mmoja mbele yake na mmoja nyuma. Na pale karibu na bomba kuna mzee Mnyarwanda anayetengeneza baisikeli. Siku ya nne aliuliza kuna nini, akaelezwa, na sasa jerikani ya mtu ikisukumwa, ya mtu yeyote, anapiga kelele hadi watu wanaona haya. Ni Contreras mtupu, mbwa tu ndiye hana.

Mke wa mjomba bado hajasalimia. Na yuko mtu mwingine ambaye riwaya zote hizi, za Chicago na za Dar es Salaam, zinamsahau akishakamatwa. Yule kijana baba yake alimpiga hadi jicho likavimba, na tangu kikao hakuna anayempa kibarua. Wiki iliyopita nilimwona anakuja kuchota saa saba mchana, jua kali, saa ambayo bombani hakuna mtu. Binti naye alimwona. Aliniuliza kama na yeye anastahili wa kusimama naye kwenye foleni, na wawili wale waliokuwa pamoja naye walijibu kwa mpigo mmoja: mmoja ndiyo, mmoja hapana.