Rangi Mpya

Je, mtu akisema neno la kweli ili mwenzake asijue ukweli, amesema kweli au uongo? Swali hili limenikaa kooni tangu mwaka 2019, na lilianzia juu ya paa la gari.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, nikawa nashinda gereji ya mjomba hapa Arusha. Siku moja ikaletwa gari-nyumba kuukuu, lenye vitanda, sinki na jiko la gesi ndani, aina ile ambayo Wazungu huja nayo kutoka kwao wakielekea Cape Town. Mwenyewe alitaka kuliuza. Kasoro iliyoonekana ilikuwa moja tu: doa la kahawia darini, juu ya kitanda.

Mjomba alinipandisha juu, akanifundisha. Magari mengi ya zamani ya namna hii paa lake ni fremu ya mbao, plaiwudi, kisha bati jembamba la alumini. Pembeni na kuzunguka dirisha la hewa kuna skrubu na gundi ya kuzibia. Mchana bati hutanuka kwa jua, usiku hunywea. Gundi huchoka, ikapasuka. Maji huingia kwenye tundu la skrubu, hutambaa na mbao, yakatokea mbali na yalikoingilia. Ndiyo maana doa laweza kuwa dogo na uozo mkubwa. Tulipofungua dirisha la hewa nikaigusa plaiwudi. Ilibonyea kama mkate uliolowa chai.

Dawa yake inajulikana: ng'oa bati, kata mbao zilizooza, acha pakauke, weka mpya, ndipo uzibe. Mwenye gari aliposikia gharama akacheka.

“Pakeni silikoni, mpige na rangi. Anayenunua ana macho.”

Mjomba akakubali. Brashi nikashika mimi.

Mnunuzi alikuwa kijana, dereva wa watalii, aliyejikusanyia akiba yake aanze biashara. Akatazama dari, akaniuliza, “Mdogo wangu, hapa vipi?”

Nikamjibu, “Rangi mpya, kaka.”

Masika ya mwaka 2020, watalii wamekatika kwa ajili ya korona, alirudi. Paa limebonyea katikati, magodoro yananuka ukungu. Hakugomba. Aliniangalia tu, akasema, “Kumbe ulijua.”

Ndugu msomaji, utaniambia mimi nilikuwa kibarua tu. Mjomba naye atasema alifanya alichoagizwa. Mwenye gari atasema mnunuzi alikuwa na macho. Tukigawana hivyo, kosa linakuwa vipande vidogo mpaka linakosa mwenyewe. Lakini hasara haikugawanywa, bwana. Aliibeba mtu mmoja.

Wahenga walituonya juu ya ufa usiozibwa. Mimi naona ufa uliopakwa rangi ni mbaya zaidi, maana ufa ulio wazi humpa mtu nafasi ya kujihadhari. Rangi ilikuwa mpya kweli, lakini yeye hakuuliza habari ya rangi. Nilimdanganya kwa neno la kweli.

Sijidai shujaa. Ningesema, huenda mjomba angenifukuza, na nilikuwa nakula kwake. Njaa ni sababu, lakini haikugeuza jibu langu kuwa kweli.

Siku hizi naandika riwaya. Nikifika mahali pabovu katika hadithi, mkono unakimbilia maneno matamu ya kupafunika. Hapo huisikia ile sauti: kumbe ulijua.