Atakayeifungua ni Nani?

Kwa karibu miaka miwili amplifaya yangu ya gitaa ilikaa mezani bila sanduku. Niliiunda mwenyewe, waya kwa waya, kwa kufuata mchoro wa Fender Deluxe ya miaka ya 1950, ule ambao watu wa fani hii wanauita 5E3. Ni amplifaya ya valvu, zile chupa za kioo zilizotolewa hewa ambazo wazee wetu walizijua kwenye redio: unawasha, unasubiri zipate moto, ndipo sauti inakuja. Saketi yake ni fupi. Valvu mbili ndogo za kukuza sauti, mbili kubwa za kuisukuma spika, na moja ya kunyoosha umeme. Nguvu yake ni kama wati 12. Wengi huanza na hiyo kwa sababu haina mambo mengi.

Wageni waliponiuliza mbona haina sanduku, jibu nilikuwa nalo tayari: sanduku halitoi sauti. Na ni kweli. Yangu ni ile aina inayoitwa kichwa, yaani amplifaya peke yake, na spika iko kwenye kabati lake pembeni. Kabati la spika ukilibadilisha mbao, sauti nayo inabadilika kidogo, maana mbao zinatetemeka pamoja na spika. Lakini kichwa kikivaa mninga au kikivaa plaiwudi, spika haina habari. Basi nilijiona mtu mkweli. Wengine wananunua urembo, mimi nina kitu chenyewe, kiko uchi mezani, anayetaka kuona aone. Wahenga walishasema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi sikutaka mkakasi.

Halafu ikaja Jumamosi moja. Dada yangu alikuja nyumbani na binti yake wa miaka saba. Nilikuwa nimeizima amplifaya, nimechomoa plagi ukutani, nimeilaza chasisi ubavu, tumbo wazi, kwa sababu kulikuwa na mngurumo mdogo nilioutafuta. Nikaenda jikoni kuchukua chai. Niliporudi, mtoto alikuwa amesimama mezani, kidole chake kimebaki sentimita mbili tu kufika kwenye kapasita kubwa.

Nilipiga kelele. Nikamvuta mkono kwa nguvu mpaka akaanguka. Alilia, tena kile kilio cha mtoto aliyeonewa, na katikati ya kilio akasema, "Mjomba, mimi sikujua!"

Nikamjibu neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Ungeuliza!"

Walipoondoka nilichukua mita nikapima. Volti 280. Plagi ilikuwa imechomolewa zamani. Asiyejua kapasita aifikirie kama tangi la maji juu ya nyumba: maji ya bomba yakikatika mtaani, tangi bado limejaa. Katika amplifaya ya valvu tangi hilo linabeba volti zaidi ya 300, na likikosa njia ya kujimwaga, linakaa na mzigo wake likimsubiri mtu. Kwa kawaida valvu zikiwa bado moto zinaunywa ule umeme zenyewe. Mimi nilikuwa nimeongeza swichi ya kusubiria, ambayo mchoro wa asili hauna, na nilipoizima hiyo kwanza niliitenga kapasita ya mwanzo na valvu zote. Dawa yake ni rezista moja ya kilo-ohmu 220 inayounganishwa kwenye miguu ya kapasita, na ndani ya nusu dakika tangi linakuwa tupu. Bei yake haifiki ya soda. Nilijua yote hayo, ila sikuwa nimeiweka. Nilikuwa najiambia nitaiweka siku nyingine, si mimi peke yangu ninayegusa?

Rezista niliilehemu usiku uleule. Upande wa umeme ukaisha. Kilichobaki ni lile neno, "sikujua", na jibu langu.

Tumezoea kusema kutojua si utetezi. Mbele ya sheria hiyo ina maana yake, vinginevyo kila mtu angejifanya mjinga. Lakini tumeuchukua msemo huo tukauleta mpaka sebuleni. Mtu akiumia kwa kitu tulichokiacha wazi, tunamuuliza yeye kwa nini hakuuliza. Mtoto wa miaka saba aulize nini? Ili uulize kama kitu kilichochomolewa plagi kinaweza kukuua, ni lazima kwanza ujue kwamba jambo kama hilo lipo. Swali lenyewe ni nusu ya elimu. Nilimdai alichokuwa nacho mtu mmoja tu mle ndani, na mtu huyo ni mimi.

Tena, ndugu msomaji, hebu fikiria unavyoishi wewe mwenyewe. Friji yako hujui ndani ina nini. Luku inasoma yuniti zake, wewe unaingiza namba. Lifti inapanda, unaangalia simu. Wala huoni aibu, na huna sababu ya kuona aibu. Kila mmoja wetu anaishi juu ya ujuzi wa watu wengine, na wale waliojua walijenga ukuta kati ya ujuzi wao na mwili wako. Naanza kuamini kwamba kuna kitu tunachoweza kukiita haki ya kutojua: haki ya kupita karibu na kazi ya mtu mwingine bila kulazimika kwanza kuwa mwanafunzi wake. Aliyeleta hatari nyumbani kwa ujuzi wake ndiye mwenye deni, na deni hilo halilipwi kwa kuwafokea wasio na ujuzi.

Rafiki yangu mmoja aliniambia, "Si ungebandika tu karatasi, HATARI, yakaisha?" Nililifikiria. Ilani ni kitu kizuri, lakini tazama inafanya nini. Inachukua mzigo wangu na kuuweka kichwani kwa msomaji. Sasa ni kazi yake kuiona, kuisoma, kuielewa, na kuikumbuka siku umeme umekatika anapapasa mezani akitafuta kibiriti. Asipofanya hayo, mimi nimeshanawa mikono. Sanduku linafanya kinyume chake. Halimwombi mtu chochote, linaubeba mzigo lenyewe, mchana na usiku, kwa anayejua kusoma na asiyejua. Ndiyo maana nasema nilikosea nilipoliita urembo.

Nikaenda Keko, kule Dar es Salaam wanakoranda na kuuza samani, nikiwa na mchoro kwenye karatasi ya daftari. Nilimkuta mzee mmoja anapiga msasa mguu wa meza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kabati la redio hilo?"

"La amplifaya. Nataka la mninga."

Aliangalia vipimo, akauliza chuma cha ndani kina uzito gani. Nikamwambia transfoma mbili zinafanya kazi ya kukuvunja mgongo. Akacheka. "Mninga nitakupa, lakini utabeba mwenyewe." Tukakubaliana paini, mbao za moja kwa nane. Haikuwa kujishusha. Masanduku ya Fender ya enzi zile yalikuwa ya paini vilevile, pembe zake zimeunganishwa kwa meno, kama vidole vya mikono miwili vilivyoingiliana. Kiungo hicho kinaipa gundi eneo kubwa la kushika, na sanduku linaweza kudondoshwa kwenye gari kila wiki lisiachie.

Mambo mengine tuliyapanga palepale. Juu ya valvu kubwa tuliacha nafasi ya vidole vinne, maana zinachoma, na mbao ikipashwa moto kila siku inakauka na kupasuka. Matundu ya hewa mawili, moja chini nyuma, moja juu, ili hewa ya moto ipande itoke na ya baridi iingie. Mshikio hatukuuweka katikati ya sanduku, tuliuweka katikati ya uzito, upande wa transfoma. Kisha akafika mgongoni.

"Huku nyuma nipige gundi na misumari?"

"Vyovyote, mzee. Si nyuma tu."

Akaweka msasa chini. "Mwanangu, atakayeifungua ni nani?"

"Mimi."

"Na wewe ukiwa haupo?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza kwamba nusu ya kazi zake ni kutengeneza kabati za mafundi ambao wengine wameshafariki. Zilizofungwa kwa skrubu anazifungua, anarekebisha, anafunga. Zilizopigwa gundi na misumari pande zote hana budi kuzivunja kwanza. "Yule hakumfikiria mtu," alisema, akaendelea na mguu wa meza.

Mimi nilikuja na deni moja, nikaondoka na madeni mawili. Niliona nadaiwa ukuta na asiyejua. Mzee akanionyesha kwamba nadaiwa mlango na yule atakayetaka kujua. Na madeni haya yanavutana. Ukuta ukizidi unakuwa jela ya ujuzi: chombo kinakufa kwa sababu ya waya mmoja uliolegea, kwa kuwa aliyekifunga hakutaka kifunguliwe. Simu na vifaa vingi vya leo vimegandishwa kwa gundi, na mnunuzi anaambiwa ni kwa usalama wake. Haki ya kutojua inageuzwa amri ya kutojua. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na anayeyachanganya huwa ana kitu anachouza.

Historia ya amplifaya hizi yenyewe inashuhudia. Mwaka 1962, katika duka la vyombo vya muziki la Jim Marshall huko Hanwell, London, yeye na mafundi wake Ken Bran na Dudley Craven walitengeneza amplifaya yao ya kwanza kwa kuifuata kwa karibu sana saketi ya Fender Bassman ya Marekani. Waliweza kwa sababu Bassman ilikuwa inafunguka. Na ukifungua Fender za zamani unakuta ndani ya sanduku karatasi iliyobandikwa, inaonyesha ni valvu gani inakaa wapi. Kwenye nyingi unakuta pia kipande cha utepe ndani ya chasisi chenye jina la aliyeunga zile nyaya, mara nyingi la mwanamke. Mpigaji jukwaani halioni jina hilo. Limeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, yule atakayefungua.

Plato, katika kitabu cha kumi cha *Jamhuri*, anasema mpiga zumari ndiye anayejua zumari zuri ni lipi, na mtengenezaji inampasa amsikilize. Ni kweli kwa sauti. Lakini katika mfano ule kuna watu wawili tu, anayetengeneza na anayepiga. Wa tatu hayumo: mtoto anayepita, dada anayefuta vumbi, fundi atakayerithi kitu miaka 30 baadaye. Hawa hawapigi wala hawaundi, na hakuna anayewauliza maoni. Nadhani uadilifu wa kazi ya mikono unapimwa hapo hasa, kwa watu ambao hawakuagiza kitu na hawatatushukuru.

Sijidanganyi kwamba nimemaliza. Kuna mtu ataniuliza: na mtoto mtundu akichukua bisibisi? Siwezi kumdai fundi alinde kila mtu dhidi ya kila kitu, maana hapo hakuna kitakachoundwa. Mstari wangu nimeuchora kwenye skrubu. Anayechukua kifaa akazungusha skrubu nane amefanya uamuzi, si bahati mbaya tena. Huyo simdai ujinga. Namdai umakini, na yeye ananidai ukweli. Kwa hiyo ndani ya ubao wa nyuma nimebandika mchoro wa saketi na karatasi ya mistari michache kwa Kiswahili: chomoa plagi, subiri dakika moja, pima kapasita hii kabla hujagusa kitu, na hapa ndipo nilipobadilisha mchoro wa asili. Hilo la mwisho lilinitesa kuliko kazi yote ya mbao, maana ilibidi niandike na kosa langu.

Sanduku lilikamilika baada ya wiki tatu. Kona moja ya meno ina uwazi mdogo niliouziba kwa unga wa mbao na gundi, kosa langu hilo, si la mzee. Sauti ni ileile. Nilisikiliza sana nikitumaini itakuwa imebadilika, haikubadilika hata kidogo.

Mpwa wangu alipokuja tena alilizunguka sanduku, akachungulia kwenye wavu wa nyuma, akaona taa nyekundunyekundu za valvu. "Mjomba, ndani kuna nini?" Safari hii ameuliza, na safari hii lilikuwa swali analoweza kuuliza. Nilizima, nikachomoa, tukahesabu mpaka 60 pamoja, nikampa bisibisi. Alifungua skrubu tatu, akachoka, akakimbilia katuni. Zile tano nilizimalizia mwenyewe, nikapima mbele ya mita kama karatasi inavyosema. Sifuri. Nikafunga zote nane.