Nguo ya Kuazima Majini

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Walikusudia kumwonya mtu asijivunie kisicho chake. Lakini methali hiyo inazaa suali ambalo michezo ya zama hizi imelazimika kulijibu: mwogeleaji anaposhindana, kipi ni chake na kipi amekiazima?

Ijaaliwe kwamba mashindano ya michezo mitatu, yaani kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yamefanyika Kigoma. Washindani waogelee mita 1,500 katika Ziwa Tanganyika, wapande baiskeli hadi Kidahwe, zinapoachana barabara za Kasulu na Uvinza, kisha warudi na kumalizia kwa mbio za kuingia Ujiji. Mmoja wao ametoka Ulaya na vazi la mpira lililombana kutoka shingoni hadi vifundoni. Wa pili ni kijana wa mwaloni, mwenye kaptura tu. Wa tatu ni msichana wa Ujiji, mji wenye Waislamu tangu zama za misafara, naye amejifunika mwili kwa kitambaa, ukiacha uso, viganja na nyayo. Nani aruhusiwe kuingia majini jinsi alivyo?

Mpira wa vazi lile umejaa vipovu vidogo mno. Humkinga mvaaji na baridi, lakini pia humwinua. Miguu haizami, na maji humpinga kidogo. Kwa sababu hiyo kanuni za kimataifa za mchezo huo haziruhusu unene unaozidi milimita 5, na kwa masafa hayo hulikataza kabisa vazi hilo maji yanapofika nyuzijoto 20 kwa wachezaji wa daraja la juu, na 22 kwa wengineo. Maji yakiwa chini ya nyuzijoto 16, kulivaa huwa ni lazima. Uso wa Tanganyika kwa kawaida una joto la nyuzi 24 au zaidi. Mgeni ataamriwa avue. Hapo kipimajoto ndicho kadhi.

Na hukumu ya kadhi huyo ina hekima. Vazi lile lile ni wajibu penye baridi na haramu penye joto, kwani kule huokoa roho, na huku halina kazi ila kumbeba aliyelivaa. Kinachohukumiwa si vazi, bali kazi yake.

Ilipokosekana hukumu ya namna hiyo, aibu ilionekana. Mwaka 2009, katika mashindano ya dunia ya kuogelea mjini Roma, rekodi 43 za dunia zilivunjwa, na waogeleaji wengi walikuwa na mavazi yaliyotengenezwa kwa plastiki. Mjerumani Paul Biedermann alimshinda Michael Phelps, kisha mwenyewe akakiri kwamba vazi lilimsaidia. Kuanzia Januari 2010 mavazi hayo yakapigwa marufuku.

Yuko atakayesema: ikiwa mgeni amevuliwa, usawa unataka msichana naye apunguze nguo. Hoja hiyo inapendeza masikioni, lakini inachanganya mambo mawili. Vazi la mgeni linamlipa mvaaji. La msichana linamgharimu, maana kitambaa hunywa maji na kumvuta nyuma. Stara yake haikumwibia mtu hata nukta moja ya muda. Kumvua ni kumfukuza, na asiyeruhusiwa majini hajifunzi kuogelea. Nungwi, kaskazini ya Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa katika nguo za kufunika mwili mzima, na bahari haikulalamika. Sharti moja lakini halina budi: nguo ya stara isiwe ya kitu kinachoelea, stara isije ikawa pazia la hila.

Anabaki kijana wa mwaloni. Ziwani kwao, joto la maji limemtetea. Fedha za mgeni hazikununua kitu. Apelekwe kwenye maji ya nyuzi 15, na kanuni ile ile itamfungia mlango, kwa kuwa vazi la lazima hana na bei yake haiwezi. Sheria inayomlazimisha mtu kuvaa kwa ajili ya uhai wake haijatimiza haki mpaka imhakikishie cha kuvaa. Huko, tofauti na walivyosema wahenga, nguo ya kuazima ndiyo itakayositiri: itamsitiri aliyeazimwa, na itawasitiri pia waliotunga sheria.