Furaha ya Watu Wote

Soma Luka 2:8–20 na 1 Wakorintho 10:25–33. Habari waliyopewa wachungaji ilikuwa kwa ajili ya nani? Paulo anafundisha nini kuhusu mwamini anayeketi mezani pamoja na mtu wa imani nyingine?

Biblia haitaji tarehe aliyozaliwa Yesu. Ellen G. White alilieleza jambo hilo waziwazi, lakini hakushauri Desemba 25 ipuuzwe. Alitaka furaha ya siku hiyo ielekezwe kwa Mungu na kwa wahitaji. Basi swali kubwa la Krismasi si la kalenda. Je, katika nchi yenye Wakristo, Waislamu na wafuasi wa dini za jadi, furaha ya kundi moja inaweza kuwa habari njema kwa wote?

Wachungaji walipokea habari hiyo katika nchi iliyotawaliwa na Rumi. Muda si mrefu mtoto mwenyewe alikimbizwa Misri ili kuokolewa na upanga wa Herode (Mathayo 2:13–15). Malaika hakungoja taabu ziishe ndipo atangaze furaha.

Tanzania nayo imeijua Krismasi ya taabu. Ile ya mwaka 1978 iliikuta nchi vitani, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera. Amin alikuwa Mwislamu, na baadaye Libya ilimpelekea askari. Rais Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikuwa Mkatoliki. Ilikuwa rahisi vita hivyo vigeuzwe kuwa vya dini, lakini havikugeuka. Waziri wa Ulinzi alikuwa Rashidi Kawawa, na Mkuu wa Majeshi Abdallah Twalipo, wote Waislamu. David Musuguri, mwana mwingine wa Butiama, aliongoza Divisheni ya 20. Askari wa dini mbalimbali walilala katika handaki moja. Vita vilipokwisha mwaka 1979 ikaja miaka ya foleni. Sukari, sabuni na nguo viliadimika, na sikukuu ya Mkristo na ya Mwislamu zikapungukiwa vitu vilevile.

Lakini kuteseka pamoja si dhamana ya kuishi vema pamoja. Mwanzoni mwa mwaka 2013, katika Kanda hii hii ya Ziwa, ugomvi juu ya nani achinje nyama ya kuuzwa ulifikia umwagaji wa damu huko Buseresere, Geita, na mchungaji mmoja akauawa. Watoto wa walioshiriki handaki moja na foleni moja walishindwa kushiriki bucha moja.

Hapa ndipo amani iliyotangazwa Bethlehemu inapopimwa. Paulo alifundisha kwamba chakula hakimsogezi mtu karibu na Mungu (1 Wakorintho 8:8), lakini hakutaka kuwakwaza Wayahudi, Wayunani wala kanisa. Katika mitaa ya Musoma na Bunda, meza ya Mwadventista Msabato, isiyo na nguruwe wala pombe, imekwisha kuondoa vikwazo viwili kwa jirani Mwislamu. Kimebaki kisu. Mwenye kuku ana haki ya kumchinja mwenyewe. Lakini akimwomba jirani achinje ili wale pamoja, ameacha haki yake kwa ajili ya upendo.

Wengine watauliza: je, huko si kuikubali imani ya mwingine? Paulo anajibu kwamba mwamini aliyealikwa na ale bila kuuliza-uliza, kwa kuwa dunia ni mali ya Bwana. Dhamiri ya mtu ikimzuia, asilazimishwe. Sufuria ya ugali na maharage huwakalisha wote. Wala hapaswi kulificha jina la Yesu. Wachungaji walieleza waziwazi waliyoyaona, lakini hawakumlazimisha mtu kwenda horini. Mgeni aliyekula akashiba atauliza mwenyewe furaha hii imetoka wapi, na mwenyeji awe tayari kujibu kwa upole (1 Petro 3:15).

Tafakari: Ni jirani gani wa imani nyingine ambaye hajawahi kula nyumbani kwako? Ni haki gani uliyo tayari kuiacha ili aweze kuketi mezani pako?