Aliyetunza Ndiye Mwenyewe?

Ofisini kwa mtu mashuhuri mjini Moshi kuna tangi la vioo lenye samaki wa Ziwa Tanganyika. Mwenyewe hujisifu kwamba ni "wa Ujerumani", na risiti anayo. Nilipomwambia asili yao ni Kigoma akacheka: "Kaka, nyie mngewakaanga. Aliyetunza ndiye mwenyewe."

Kutunza ni kukilinda kitu kisiharibike, hapo hatugombani. Ugomvi ni ile hati ya umiliki inayochomolewa humo. Tangu London ifungue nyumba ya samaki mwaka 1853, hati hiyo imeandikwa mara nyingi. Mbelgiji Pierre Brichard aliwasafirisha samaki hai kutoka Burundi, na leo kuna samaki wa ziwa lile anayeitwa kwa jina lake, kana kwamba hakuwahi kuogelea kabla ya kuuzwa.

Wapo wasemao samaki hajali yuko wapi. Pengine.

Linalonichefua ni hili: "Wasingechukuliwa, wangetoweka." Hapo hutajwa furu wa Ziwa Victoria, ambao baadhi yao wamebaki kwenye matangi ya ng'ambo tu. Sawa, lakini sangara aliyewamaliza alipandikizwa miaka ya 1950, enzi za ukoloni. Nyumba ichomwe, kisha aliyeokoa kabati adai kabati? Na hata mwokozi akiwa hana hatia, bado. Vyura wa bonde la Kihansi, hapa Tanzania, walipokosa manyunyu ya maporomoko kwa sababu ya mradi wetu wenyewe wa umeme, wapatao 500 walipelekwa Marekani mwaka 2000. Mwaka 2012 vyura wakaanza kurudishwa bondeni kwao. Uokozi una siku ya kukabidhi, umiliki hauna.

Kwetu Machame jambo hili lilishapimwa kwenye mifongo, mifereji yetu ya maji. Ukoo uliochimba mfongo una heshima yake, anayetokea kuuzibua anapata zamu ya maji, asiyetokea anatozwa. Nimesikia wazee wakibishana zamu hadi mbege ikauka vibuyuni, ila sijamsikia hata mmoja akidai mto.

Shida yangu ni samaki aliyezaliwa tangini, wa wazazi waliozaliwa tangini. Tropheus, samaki wa Ziwa Tanganyika, hubadilika rangi kutoka mwamba mmoja wa ufukweni hadi mwingine. Wakichanganywa vizazi kadhaa, hakuna mwamba wa kuwarudishia, na wanaweza kupeleka magonjwa ziwani. Huyo nimdai kwa niaba ya nani? Ziwa ni la Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na sioni ni ipi kati yao ingempokea.